Mashine ya kufulia ikivuja, tazama saa kwanza

Mashine imemaliza kusuuza na imeanza kukamua. Sauti inapanda, sakafu inatetemeka kidogo, na chini ya kona ya mbele, upande wa kushoto, unajitokeza ulimi wa maji. Ni mwembamba na hauna haraka. Unafuata ufa kati ya vigae viwili, unafika kwenye mguu wa meza, unasimama, unajaa, kisha unaendelea na safari.

Anayeutazama huchukua tambara. Akishapangusa huinama, hufungua mlango, huuvuta mpira wa mlangoni kwa kidole, huona uchafu mweusi kwenye mikunjo yake, na hapohapo hukumu inatoka: mpira umekufa.

Huenda kweli umekufa. Mara nyingi ni mzima.

Jambo hili limenikereketa kwa wiki kadhaa sasa, jinsi mpira wa mlango unavyobebeshwa madhambi ya mashine nzima. Unang'olewa, unawekwa mpya, na siku ya kwanza ya kufua ulimi uleule unatoka kona ileile. Fundi hakukosea kufunga. Alianza na swali la "yanatokea wapi?", na kwenye mashine ya kufulia hilo ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu maji hayadondoki pale yanapovujia. Tone likitoka kwenye valvu (mlango mdogo wa umeme unaoruhusu maji kuingia), juu nyuma, hushuka na waya, huteleza mgongoni mwa tangi (chombo cha nje kinachoshika maji, ambamo pipa la nguo huzunguka), hufuata mkunjo wa bati la chini, na kuibukia mbele kama lililotoka mlangoni.

Lipo swali jepesi zaidi: yanatoka saa ngapi?

## Plagi kabla ya tambara

Maji yakiwa yameshafika kwenye waya au kwenye soketi, usikanyage dimbwi ukaenda kuchomoa plagi. Zima swichi kuu ya nyumba. Sakafu ikiwa kavu upande wa soketi, chomoa. Kubonyeza kitufe cha kuzimia mashine hakutoshi, maana ndani bado kuna nyaya zenye umeme. Kisha funga koki ya maji.

Mashine zenye mota ya inveta hubaki na umeme kwenye kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, kwa dakika kadhaa baada ya kuchomolewa, na zile za matangi mawili nazo zina kapasita za mota. Ngoja dakika 10 kabla ya kufungua bati lolote, na ncha za kapasita usiziguse hata baada ya hapo. Kama ulikuwa unafua kwa nyuzi joto 60 au 90, ngoja zaidi. Maji yaliyobaki ndani yanaunguza.

## Mashine ina ratiba

Mashine hufanya kazi nne kwa zamu: inajaza maji, inafua, inatoa maji, inakamua. Kila zamu huamsha viungo vyake na kuviacha vingine vimelala. Kwa hiyo uvujaji nao una ratiba, na ratiba hiyo hutaja majina ya wachache.

Maji yakionekana mashine ikiwa imezimwa na haijatumika tangu jana, watuhumiwa ni koki, paipu ya kuingizia, na valvu ambayo haifungi vizuri. Pampu na chujio lake huingia kwenye orodha iwapo kuna maji yaliyobaki ndani.

Yakitoka katika dakika chache za mwanzo, maji yakiwa bado yanaingia, angalia juu: valvu, droo ya sabuni, na paipu nene inayotoka kwenye droo kwenda tangini. Hapo tangi bado halijajaa kiasi cha kufika mlangoni, hivyo mpira wa mlango hauna kosa.

Yakianza katikati ya kufua, pipa likiwa linazunguka polepole na nguo zinarusha maji, sasa mlango unastahili kuulizwa. Pamoja nao: povu, paipu ya chini ya tangi, na sili ya hita (mpira unaozuia maji pale hita inapoingia tangini).

Yakitoka pale tu pampu inapoanza kunguruma, ni pampu yenyewe, paipu ya kutolea maji, au bomba la maji machafu lililoziba na kurudisha.

Yakisubiri mpaka mwendo wa kasi wa kukamua, kuna uwezekano wa mambo mabaya zaidi: sili ya nyuma na beringi (vyuma ambamo shafti ya pipa huzungukia), au ufa kwenye tangi. Lakini pia kuna jambo dogo, yaani klipu ya paipu iliyolegea ambayo hufunguka kidogo tangi linaporuka.

Jaribio lenyewe halihitaji mzunguko mzima wa saa mbili. Chagua programu ya kusuuza na kukamua, bila nguo, bila sabuni. Ni fupi, na ndani yake kuna kujaza, kuzungusha, kutoa na kukamua. Kaa chini na saa, kalamu na tochi, usiondoke. Ikimalizika kavu kabisa, umejifunza kitu kikubwa: mashine yako huvuja ikiwa na nguo, ikiwa na sabuni au ikiwa na maji ya moto tu. Hilo linafuta nusu ya orodha.

## Kadibodi na rangi zake

Tandaza kadibodi kavu chini ya mashine, ifike mpaka nyuma. Ichore kwa kalamu vyumba sita, vitatu mbele na vitatu nyuma. Kila zamu ya mashine ikiisha, ivute na uandike dakika kando ya kila doa.

Kama unaweza kufungua bati la nyuma, lifungue mashine ikiwa imechomolewa, kausha kila kitu kwa tambara, kisha iwashe ukiwa umesimama mbali na mkanda na puli. Unatazama kwa tochi. Mikono iko mfukoni. Sioni sababu yoyote ya kugusa mashine iliyo wazi na yenye umeme, na "nashika kidogo tu" ndiyo sentensi inayoumiza watu.

Hata kabla ya kuiwasha, uvujaji wa zamani umeshaacha maandishi. Michirizi myeupe, kama chokaa iliyokauka, mara nyingi ni maji ya sabuni. Ifuate kwenda juu mpaka inapoanzia. Michirizi ya buluu au ya waridi ni dawa ya kulainisha nguo, na hiyo hukaa kwenye droo tu, kwa hiyo usipoteze muda kwingine. Michirizi ya kahawia inayoanzia katikati ya mgongo wa tangi na kutawanyika kama miale ni kutu ya beringi. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, ni grisi inayofuata maji nje.

Angalia pia kama kweli ni uvujaji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na maji yakiwa baridi, paipu ya kuingizia hutoka jasho na kudondosha matone kama glasi ya maji ya barafu. Ifunge kwa tishu kavu: ikilowa urefu wote sawasawa ni jasho, ikilowa sehemu moja ni tundu.

## Dakika za mwanzo

Paipu ya kuingizia ina nati ya inchi 3/4, na kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyo ndani ya nati. Nyuzi za nati hazizuii kitu. Kuzungushia ile tepe nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi hizo ni kazi bure. Washa ikishakuwa ngumu kama plastiki, badilisha. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha ongeza robo mzunguko kwa plaizi. Ukizidisha hapo, nyuzi za plastiki za valvu hupasuka, na washa ndogo inakuwa imezaa valvu mpya.

Paipu yenyewe ina presha muda wote koki ikiwa wazi. Ikiwa na uvimbe, mpasuko mdogo karibu na nati, au imefikisha miaka 5, ibadilishe bila majadiliano.

Droo ya sabuni huvuja kwa sababu za kipuuzi. Unga ulioganda huziba njia, maji yanayomwagwa kutoka juu hayana pa kupita, yanarudi mbele. Itoe nje (bonyeza kile kishikizo cha katikati huku ukivuta), ioshe, kisha kwa mswaki wa zamani sugua dari ya chumba chake, kwenye vile vitundu vidogo. Kitundu kimoja kilichoziba hugeuza mkondo kuwa mshale unaorushwa pembeni. Presha ya maji ikiwa kubwa mno, punguza koki kidogo. Na kama mashine imeinamia mbele, hakuna kusafisha kutakakosaidia: weka pima maji juu yake, rekebisha miguu.

## Valvu isiyofunga

Hapa ndipo mashaka huanza, kwa sababu dalili hufanana na za kitu kingine.

Pipa linajaa maji mashine ikiwa imezimwa, au maji yanazidi mpaka nusu ya kioo cha mlango, kisha yanamwagika kupitia droo. Je, ni valvu, au ni swichi ya presha inayoshindwa kuiambia mashine kwamba maji yametosha? Jaribio ni moja na halidanganyi: maji yakiwa yanaingia, chomoa plagi. Yakiendelea kuingia, valvu ndiyo mbovu. Yakikoma papo hapo, valvu ni nzima, na kosa liko kwenye amri.

Kwenye upande wa amri, anza na kile kipaipu chembamba kinachopanda kutoka kwenye chumba cha hewa, chini ya tangi, mpaka kwenye swichi ya presha au sensa. Hewa iliyonaswa ndani yake ndiyo inayopima kina cha maji. Kikiwa na tundu la sindano, kimechomoka, au mdomo wake umejaa ukoko wa sabuni, mashine haioni maji na inaendelea kujaza. Kichomoe upande wa swichi, kipulizie kwa upole kuelekea tangini, kirudishe. Usipulize kikiwa kimeunganishwa na sensa.

Valvu inayoshindwa kufunga mara nyingi ina chembe ya mchanga kwenye kiwambo chake cha mpira. Lakini ipo sababu nyingine ambayo watu huisahau. Kiwambo hicho hufungwa na presha ya maji yenyewe. Springi ndogo ya koili husaidia kuanzisha tu. Presha ikiwa ndogo mno, hakifungi sawasawa. Mashine nyingi hutaka presha ya angalau bar 0.3 hadi 0.5. Mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bar 1, kwa hiyo tangi la maji la nyumba lililo mita 2 juu ya mashine linatoa bar 0.2. Mwenye tangi la namna hiyo anaweza kubadilisha valvu tatu mfululizo na zote zikapitisha maji taratibu. Dawa yake ni kupandisha tangi, kuweka pampu ya kuongeza presha, au kutafuta valvu iliyotengenezwa kwa presha ndogo.

Valvu haitengenezwi, inabadilishwa. Piga picha ya nyaya kwanza, maana valvu yenye midomo miwili au mitatu ukibadilisha nyaya zake, maji ya kufua yataingia kwenye chumba cha kulainishia.

## Povu

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi kwa makusudi. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele, povu hilo hupanda, hutoka kwenye droo, kwenye tundu la hewa nyuma ya tangi, na kujipenyeza mlangoni. Halafu hugeuka maji sakafuni. Likiingia kwenye chumba cha hewa, linamdanganya hata yule sensa wa presha.

Utalijuaje? Endesha nyuzi 60 pipa likiwa tupu, bila sabuni, ukichungulia kioo. Povu likipanda wakati hukuweka sabuni, limebaki kwenye tangi na paipu kutoka mizunguko iliyopita. Rudia mpaka maji yaonekane maji. Kisha hamia kwenye sabuni ya mashine, na upime kwa kikombe chake badala ya jicho.

Hakuna kipuri cha kununua hapo. Labda ndiyo sababu wengi hawaamini.

## Sasa, mpira wa mlango

Tuseme saa imesema katikati ya kufua, povu hakuna, na maji yanashuka mbele chini ya mlango. Bado usiung'oe.

Anza na kioo. Pitisha kidole kwenye ukingo wake wa koni, pale mpira unapokaa. Ukisikia duara lenye mikwaruzo, ni sabuni na chumvi ya maji iliyoganda. Lisugue kwa tambara na maji ya moto. Kisha fungua mlango nusu na uunyanyue kwa ncha. Ukicheza wazi juu na chini, bawaba imelegea au imelika, na mlango unabana mpira upande mmoja kuliko mwingine.

Halafu uvute mkunjo wa mpira uangalie pande zote kwa tochi, hasa chini, pale ilipo namba 6 kwenye uso wa saa. Hapo pana vitundu vidogo vya kurudishia maji tangini. Vikizibwa na nywele na nyuzi, maji husimama kwenye mkunjo na kumwagika mlango ukifunguliwa. Hapo pia ndipo utakapokuta sarafu, pini, kipande cha zipu, waya wa sidiria. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na mashine akilini, lakini fundi yeyote wa mashine angeitundika methali hiyo karakanani.

Ukikuta mpasuko halisi, gundi haifai. Gundi ya haraka hukauka ikawa ngumu, na mpira hucheza kila sekunde. Utapasuka pembeni ya gundi. Mafundi wengine huuzungusha mpira ili mpasuko uende juu, ambako maji hayakai. Kwa mpira wa duara kamili wa kawaida hilo linaweza kukuvusha wiki chache, ila vile vitundu vya chini navyo vimehama, na itabidi utoboe vingine. Mimi siupendi mtindo huu. Utaufungua mpira mara mbili kwa kazi moja.

Kuubadilisha kunachukua saa moja hadi mbili, na namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko ndiyo inayoagiza mpira, si ukubwa wa kukadiria kwa macho.

Mpira hushikwa na mabano mawili. Bano la nje ni waya wenye springi, ambayo mara nyingi iko chini. Uchokonoe kwa bisibisi bapa ndogo, uutoe, kisha ubandue mdomo wa mpira kutoka kwenye bati. Fungua skrubu mbili za kufuli la mlango ulisukume ndani bila kuvuta nyaya zake. Bano la ndani ndilo lenye ukaidi: kwenye mashine nyingine linafikiwa kwa kufungua bati la juu, nyingine hudai bati lote la mbele litoke. Likiwa na skrubu, weka alama ya kalamu lilipokaa kabla ya kulilegeza.

Safisha mdomo wa tangi mpaka uteleze. Ukoko kidogo uliobaki hapo unatosha kuvujisha mpira mpya.

Mpira mpya una alama, kwa kawaida pembetatu au mstari, inayolingana na alama iliyo juu ya tangi. Linganisha, hakikisha vitundu viko chini, kisha anza kuuvisha kwenye tangi. Paka maji yenye sabuni kidogo ya vyombo kwenye mfereji wake ili uteleze. Usipake mafuta ya petroli wala grisi ya gari, yanavimbisha mpira. Ukishaingia wote, zungusha kidole duara zima, taratibu, mara mbili. Kosa linalowarudisha watu mwanzo liko hapa: sentimita 3 au 4 za mdomo zilizokunjika kwa ndani, hazionekani, na bano limefungwa juu yake. Ukiridhika ndipo ufunge bano la ndani, urudishe kufuli, uvishe mdomo wa nje, na umalizie na waya wa nje kuanzia juu, ukishuka pande zote mbili, springi ya mwisho chini.

## Pampu na paipu ya kutolea

Chujio la pampu likivuja, mara nyingi nywele moja imelala juu ya oringi ya kifuniko chake. Weka beseni la kina kifupi, toa maji kwa kile kipaipu cha dharura kama kipo (tegemea lita 2 au 3, na zaidi sana ikiwa tangi halikutolewa maji), fungua kifuniko taratibu, safisha nyuzi na oringi, rudisha kikiwa kimenyooka. Kikiingia kimekaa upande, kitakaza vizuri mkononi na kuvuja vizuri sakafuni.

Maji yakitoka kati ya kichwa cha pampu na mota yake, sili ya ndani imeisha. Hiyo hutambulika kwa kutu na ukoko upande wa mota. Badilisha pampu nzima: klipu mbili za springi zinazobanwa kwa plaizi, plagi ya nyaya mbili, na skrubu tatu hivi au mzunguko mdogo wa mkono. Klipu za springi usizibadilishe na za skrubu bila sababu. Zile za springi hufuata plastiki inavyopanuka kwa joto, na za skrubu zikikazwa mno hupasua mdomo.

Paipu ya kutolea ina mikunjo, na hutoboka inaposuguana na ukuta au panya akipita. Ipindepinde ukiiangalia kwenye mwanga. Mdomo wake uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, uingie kwenye bomba kama sentimita 15, na usizibwe pembeni. Hewa lazima ipite. Ukiwa chini mno, maji hujifyonza yenyewe na mashine inajaza bila kikomo.

## Kahawia nyuma ya tangi

Huu ndio uvujaji ambao ningependa usiukute.

Nyuma ya pipa, shafti inapita kwenye sili ya mpira, kisha kwenye beringi mbili. Sili huanza kuchoka. Maji yanapita tone kwa tone, yanaosha grisi ya beringi, beringi inapata kutu, inaanza kunguruma wakati wa kukamua kama ndege inayoruka. Kufikia sauti hiyo, sili ilishakufa zamani. Fungua mlango, shika pipa kwa juu ukilinyanyua: likicheza bila tangi kusogea, jibu umelipata.

Sili na beringi hubadilishwa pamoja. Kuweka sili mpya juu ya beringi yenye kutu ni kujipangia kazi ileile baada ya miezi michache. Namba imepigwa ubavuni mwa beringi: 6204 ni ya milimita 20 kwa 47 kwa 14, 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15, 6206 ni 30 kwa 62 kwa 16. Sili nayo imeandikwa vipimo vitatu, cha ndani, cha nje na unene. Beringi mpya hupigwa kwenye ukingo wa nje tu, kwa kipande cha mbao au shaba. Ukigonga ukingo wa ndani umeshaiharibu kabla haijazunguka. Mdomo wa sili upakwe grisi isiyoyeyuka kwa maji.

Kabla ya yote hayo, pitisha ukucha kwenye shafti, pale sili inaposugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitashika. Angalia na ule mkono wa miguu mitatu wa aluminiamu unaobeba pipa. Sabuni na maji huula, na ukiwa na ufa, pipa zima limekwisha.

Halafu kuna tangi la plastiki lililounganishwa kiwandani bila skrubu. Kulifungua ni kwa msumeno, na kulirudisha ni kwa skrubu na silikoni nyingi. Inawezekana, na wapo wanaolifanya vizuri sana. Kwa mtu wa nyumbani anayefanya mara moja maishani, nashauri asimamie hapo. Ufa kwenye tangi lenyewe ni vivyo hivyo: silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki ya aina hiyo, na mtikisiko wa kukamua huibandua.

Ukilazimika kuilaza mashine, muwe wawili. Ina kilo 60 hadi 80, sehemu yake ikiwa ni jiwe la zege la kuituliza, na kingo za bati zake hukata kama kisu. Vaa glavu.

## Za mlango wa juu

Mantiki ni ileile, ila hakuna mpira wa mlango wa kulaumiwa. Maji yakidondoka katikati kabisa chini ya mashine, ni sili ya shafti. Kwenye ile ya matangi mawili, chunguza mpira wa mikunjo ulio chini ya tangi la kukamulia. Ukipasuka, maji humwagikia mota iliyo chini yake moja kwa moja. Hiyo usiitumie hata mara moja zaidi.

## Kadibodi inabaki

Ukishamaliza, jaribu hatua kwa hatua. Kwanza kusuuza na kukamua bila nguo. Kisha nyuzi 60 bila nguo, kwa sababu plastiki na mpira hutanuka kwa joto na uvujaji mwingine hujitokeza hapo tu. Mwisho nguo zilizojaa kawaida, sabuni ya kipimo, kasi ya juu ya kukamua. Kadibodi mpya kila mara.

Ikitoka kavu mara zote tatu, rudisha mashine ukutani bila kuikunja paipu, rekebisha miguu kwa pima maji, lakini kadibodi iache chini wiki moja. Siku ya nne unaweza kuikuta na doa moja, duara, la ukubwa wa kitufe, kwenye chumba cha nyuma kulia. Liandikie tarehe, pangusa chini, na mzunguko unaofuata kaa tena na saa.